Toa M, Weka J

Ilikuwepo nchi moja, jina lake nimelisahau kwa makusudi, iliyokuwa na amani nyingi kiasi kwamba ziada yake ilibidi ihifadhiwe magerezani. Wananchi wake walikuwa na furaha kwa mujibu wa sheria. Walikuwa na Mtukufu Kiongozi, ambaye alichaguliwa kila mara, na walikuwa na kaulimbiu.

Kaulimbiu yenyewe ilikuwa fupi. Mgeni rasmi alisimama mlangoni, akapaza sauti: "Moto!" Watu wote walisimama, wakasukuma viti vyao chini ya meza ili ukumbi uonekane nadhifu, wakainua mkono wa kulia na kuitikia: "Uwake!" Mara tatu. Kisha ulifuata wimbo wa beti nne, na wimbo ukishaanza hakuna aliyeruhusiwa kuukatiza. Mtukufu Kiongozi mwenyewe aliwahi kubanwa na haja kwenye ubeti wa pili akavumilia mpaka mwisho. Habari hiyo inafundishwa darasa la tatu, pamoja na mchoro.

Sasa, neno likishakuwa mali ya Taifa haliwezi kuachwa lizurure jikoni. Ikatungwa Sheria ya Hifadhi ya Neno Moto. Kuanzia siku hiyo maji ya moto yakaitwa maji yaliyopandishwa hadhi. Chai ikanywewa ikiwa changamfu. Akina mama waliozoea kumtisha mtoto mtundu kwamba atakiona cha moto wakatakiwa kumwambia atakiona cha kadiri. Masheikh na wachungaji wakaelekezwa kuieleza Jehanamu kama mahali penye hali ya hewa isiyoridhisha, na nasikia waumini wengine walianza kuulizia kama kuna nafasi.

Na moto wenyewe, huu unaounguza? Huo ulifutwa. Kilichobaki ni ongezeko la joto.

Waliopata tabu zaidi ni watu wa zimamoto. Mbunge mmoja mwenye macho makali alilisoma jina lao bungeni taratibu, akilikata vipande viwili: "Zima. Moto. Waheshimiwa, hawa watu wanataka kumzima nani?" Jeshi zima likawekwa ndani siku tatu, likatoka likiwa na jina jipya, Idara ya Kupunguza Joto. Magari yakapakwa rangi upya. Mabomba yaliyokauka mitaani hayakuguswa, maana mafundi wote walikuwa wanapaka rangi. Kengele za hatari nazo zikang'olewa kwenye majengo, kwa sababu ziliwahi kulia katikati ya hotuba.

*

Sajenti Tunu Mbaruku alikuwa ametumikia idara hiyo miaka ishirini, mitatu ya mwisho akiwa hajui aiteje. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuvuka barabara na kovu jekundu mkononi ambalo watoto wa jirani walipenda kuligusa. Mkufunzi wake wa kwanza alimfundisha jambo moja kabla hata ya kumpa helmeti: ukitoka kwenye tukio, usiandike kwanza sababu, andika ulichokikuta. Mlango ulikuwaje, dirisha lilikuwaje, watu walilala wapi. Sababu itakuja yenyewe ikiona umeiandalia mahali.

Tunu aliipenda kanuni hiyo akaifungulia blogu. Aliiita Tulichokuta. Kila baada ya tukio alikaa mezani akaeleza: nyaya zilizopitishwa chini ya zulia, mtungi wa gesi uliowekwa nyuma ya mlango, baba aliyerudi ndani kuchukua redio. Waliomsoma hawakuwa wengi. Walikuwa mafundi umeme, wenye nyumba za kupangisha, na watu wenye wasiwasi wa kuzaliwa nao. Lakini walimsoma kwa makini, na mwaka mmoja mtaa mzima ulihamisha mitungi yake nje kwa sababu ya aya moja tu.

Sheria ilipokuja, Tunu hakubisha. Alikuwa na mshahara na alikuwa na akili. Mahali pa kuandika moto aliandika "lile jambo," na wasomaji wake wakaelewa. Kwa miaka mitatu lile jambo liliunguza maduka, likaruka uzio, likaua, na hakuna aliyemwuliza kitu. Akajiambia neno ni neno tu.

*

Jumamosi moja saa nne asubuhi simu ililia kituoni.

"Njooni kiwanda cha sare! Kunaungua!"

"Asante kwa kupiga Idara ya Kupunguza Joto," akasema mpokeaji, kama alivyofundishwa. "Ongezeko ni dogo, la wastani, au la kuridhisha?"

"Kunaungua, mama wee!"

"Nachagua la wastani, basi, tukifika tutarekebisha."

Kiwanda cha sare kilikuwa kinashona sare za chama na bendera. Wanawake arobaini na watatu walikuwa kazini. Ishirini na wanne walitoka. Tunu na wenzake walifika, wakavuta mipira ya maji kutoka bomba la mtaa wa tatu, wakapambana kwa saa moja na nusu, kisha Tunu akaingia wa kwanza kuona kilichomo.

Katika miaka ishirini alikuwa ameona mengi ambayo hakuyapeleka nyumbani. Alijua watu wanafia wapi. Wanafia mlangoni, wamerundikana. Wanafia chini ya dirisha, au chooni, kwa sababu kuna maji. Na njia waliyopita huijua kwa viti, maana mtu anayekimbia kifo hana muda wa kiti, anakipiga teke.

Humo ndani, viti kumi na tisa vilikuwa vimesukumwa chini ya meza za cherehani. Vimenyooka. Kila kiti mahali pake, kana kwamba wenyewe wameenda kunywa chai. Na wenyewe walikuwa hapohapo, kila mmoja ubavuni mwa cherehani yake.

Tunu alisimama na mpira wa maji mkononi. Aliogopa, na hakuogopa maiti. Aliviogopa viti.

*

Aliyemweleza ni Siwema, mpiga pasi wa kiwanda, aliyelazwa hospitali mikono yote miwili ikiwa ndani ya bandeji. Waya wa pasi yake ulitoa cheche, robota la bendera likashika. Alikimbilia ukumbi wa kushonea, na mlango aliotokea ndio huohuo uliokuwa umepambwa kwa maua ya karatasi, kwa sababu Katibu wa Wilaya alitarajiwa kutembelea asubuhi hiyo. Tangu saa mbili wanawake walikuwa wanafanyishwa mazoezi. Asiyeitikia kwa nguvu angemwaga unga palepale.

"Nikapiga kelele, moto, moto!" Siwema alisema. "Dada Tunu, ningesema nini tena? Wakasimama. Wakasukuma viti. Wakanitolea tabasamu, dada, wote, wakainua mikono. Uwake, wakaniambia. Wakaanza kuimba. Nawavuta, wananisukuma, wananong'ona, acha utani Siwema, mgeni yuko wapi? Waliokuwa karibu na mlango waliniona sura, wakaniamini, wakakimbia wakiangusha viti. Wale wa nyuma waliendelea kuimba."

Akaitazama mikono yake. "Yule binti, Sikudhani, alikuwa na sauti nzuri. Yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha."

Sikudhani huyo alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili aliyekaa cherehani ya mwisho kabisa. Tunu alikuwa amembeba yeye mwenyewe.

Siku iliyofuata redio ya Taifa ilitangaza kwamba wafanyakazi kumi na tisa wamefariki kutokana na ongezeko la joto, na kwamba mhusika amekamatwa. Mhusika alikuwa Siwema. Walimkamata kitandani, na pingu zilipokataa kukaa juu ya bandeji wakamfunga miguu. Hati ya mashtaka iliandikwa na mtu aliyeenda shule, hilo lazima tumpe. Ilisema hivi: kwa kuwa kisheria nchi haina moto isipokuwa wa kaulimbiu, na kwa kuwa mshtakiwa alitamka neno moto, basi mshtakiwa alitamka kaulimbiu bila kuwa mgeni rasmi, akawapotosha wazalendo kumi na tisa wakaitikia, wakafa. Adhabu ilianzia miaka saba.

Tunu aliisoma mara tatu. Akaona kwamba kesi nzima imening'inia kwenye uzi mmoja. Kama kilichotokea kilikuwa joto, Siwema ni muuaji. Kama kilikuwa moto, Siwema ni mtu aliyesema kweli akiwa mbio. Hakukuwa na kitu cha tatu.

Alasiri hiyo aliandika: "Tulichokuta, Kiwanda cha Sare. Ulikuwa moto. Ulianzia kwenye waya wa pasi. Tulikuta watu kumi na tisa na viti kumi na tisa, vyote vimesukumwa chini ya meza. Siwema aliwaambia moto, na ulikuwa moto." Akaeleza yote, pamoja na wimbo. Akabonyeza, akaenda kuosha vyombo.

*

Kufikia jioni ya pili maoni yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Kwa blogu iliyozoea maoni sita, manne yakiwa ya fundi umeme mmoja, hii ilikuwa neema ya ajabu.

Aliyejiita Mzalendo Halisi aliandika kwamba kazi ya mwanamke huyu ni maji, maneno awaachie wenye shule. Mwingine, aliyekuwa ughaibuni na mwenye baridi, alisema anaunga mkono uhuru wa mawazo lakini Tunu angesubiri uchunguzi. Watatu walimwita kibaraka bila kusema wa nani. Wenzake wa kituo walijificha nyuma ya majina ya matunda, Embe na Fenesi na Papai, wakasema ameiaibisha idara. Kuna aliyemwuliza, na huyu hakutukana: miaka mitatu ulikuwa unaandika lile jambo, leo ushujaa umeutoa wapi?

Katikati ya hayo yote kulikuwa na maoni ya mistari miwili. "Mimi ni Nyamizi, mama yake Sikudhani. Umemwandika mwanangu kama mjinga aliyekipigia makofi kifo chake." Hayo Tunu aliyasoma akafunga kompyuta.

*

Kamishna Lukwaro, mkuu wa idara, alimwita ofisini asubuhi. Alikuwa mtu mzima mwenye shingo iliyokunjamana kwa kuungua, maana na yeye aliwahi kuingia ndani ya nyumba zinazowaka, zamani, kabla hajaingia kwenye vikao. Alifunga mlango mwenyewe.

"Tunu, mwanangu, kaa. Sikukuita kukugombeza. Mimi najua ulikuwa nini ule."

"Ulikuwa nini, afande?"

Kamishna akaangalia ukutani, kwenye picha ya Mtukufu Kiongozi. "Najua," akarudia. "Wakubwa walitaka uondolewe leo hii. Nimekupigania. Nimewaambia huyu dada ni hazina, hana haja hata ya kufuta makala yake. Abadilishe herufi moja tu."

"Herufi moja?"

"Moto. Toa M, weka J." Alisema kwa furaha ya mtu aliyelala na tatizo akaamka na jawabu. "Joto! Umeona? Kila kitu kinabaki. Pasi ibaki, viti vibaki, hata wimbo ubaki. Nani katika dunia hii amewahi kufa kwa ajili ya herufi moja?"

"Siwema atafungwa kwa herufi hiyo, afande."

"Siwema atafungwa hata hivyo. Wewe ndiye bado hujaamuliwa." Akamsogezea karatasi. "Una mpaka Ijumaa. Usinitie tumbo joto." Kisha akashtuka, akahakiki kichwani mwake kama alichosema kinaruhusiwa, akaona kinaruhusiwa, akatulia.

Msidhani Tunu alikataa papo hapo. Alirudi nyumbani akaifungua makala, akatoa M, akaweka J. Akaitazama. Ilikaa vizuri sana, haikuacha pengo. Sentensi ilisomeka "Siwema aliwaambia moto, na ulikuwa joto," na mtu asiye makini angepita bila kujikwaa. Alikaa nayo kwa muda wa kupika wali. Akawaza mshahara, akawaza nyumba ya idara anayoishi, akawaza kwamba Siwema si ndugu yake. Kisha akarudisha M, akalia kidogo kwa hasira ya kujua kwamba alikuwa amejaribu.

*

Alhamisi alikwenda kwa Bi Nyamizi. Kumjibu mama mfiwa kwenye mtandao aliona ni utovu wa adabu. Msiba ulikuwa bado haujaanuliwa, mkeka ulikuwa ukumbini. Hakukaribishwa kukaa.

"Shikamoo, mama."

Bi Nyamizi hakuitikia marahaba. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayeuza vitumbua asubuhi na anayejulikana mtaa mzima kwa kutosahau jambo. "Wewe ndiye wa kwenye simu?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kukupa pole, na kukujibu."

"Mwanangu hakuwa mjinga."

"Sikuandika hivyo, mama."

"Uliandika alisimama akaimba. Moto unamjia, yeye ameinua mkono. Nani atayasoma hayo asicheke? Vijana wa kijiweni wanacheka. Nimewasikia." Sauti ilimkatika, akaitafuta, akaipata. "Weka moto wako, mimi sijali serikali. Lakini futa viti. Sema alikuwa anakimbia. Sema alianguka mlangoni. Hilo ni kubwa?"

Tunu alishindwa kumwangalia. Ombi la Kamishna lilikuwa rahisi kulichukia. Hili alitamani kulikubali.

"Nikifuta viti, mama, nitakuwa nimesema hawakusikia au hawakuambiwa. Siwema aliwaambia. Ana mikono miwili ya bandeji kwa sababu ya kuwavuta."

"Siwema ana mama yake wa kumlilia. Mimi namlilia wangu."

"Ndiyo, mama."

"Basi nenda."

Akaenda. Njiani hakuwa na uhakika hata kidogo kwamba yuko sahihi, na akili yake ilimwambia kwamba kama kuna hukumu ya kweli juu ya makala ile, imetoka kwenye mkeka ule.

Ijumaa, badala ya kusaini karatasi, aliandika mara ya mwisho. Aliiita Majibu kwa Wanaonilaumu. Nainukuu kidogo, kwa kuwa haipo tena kama alivyoiandika.

"Mzalendo Halisi, unasema kazi yangu ni maji. Ni kweli. Lakini maji hayajui pa kwenda mpaka mtu aseme moto uko wapi. Ndugu wa ughaibuni, unasema ningesubiri uchunguzi. Aliyechunguza ni mimi, kwa magoti. Embe, Fenesi na Papai, mlikuwa nyuma yangu mlangoni. Mliviona viti. Wewe uliyeniuliza ushujaa nimeutoa wapi, umenipata. Sikuwa nao. Nilikuwa mwoga, nikaliita lile jambo, na kila nilipoliita hivyo niliwazoesha watu kwamba moto hausemwi. Kumi na tisa wamesikia neno la kweli wakalijibu kwa kiitikio. Sehemu ya kiitikio hicho niliifundisha mimi. Ndiyo maana siwezi kubadilisha hata herufi moja. Kwa mama mmoja mfiwa sijibu hapa. Yeye alistahili kunifukuza."

Walimchukua kabla hajazima kompyuta.

*

Kesi ilisikilizwa na Kamati ya Matamshi Sahihi, chini ya uenyekiti wa Profesa Ngoshani Dabo, mtu aliyekuwa na shahada nne na kamusi moja, yake mwenyewe. Ili kuokoa muda, Tunu alifanywa shahidi na mshtakiwa kwa pamoja. Siwema aliketishwa kando yake. Ukumbi ulijaa: askari, waandishi, watu wa zimamoto waliolazimishwa kuja, ndugu wa marehemu. Bi Nyamizi alikaa safu ya tatu na kanga yake nyeusi. Kamishna Lukwaro alikaa mbele, akitazama viatu.

Profesa alisimama, akakohoa kikohozi cha kitaaluma.

"Ndugu wananchi. Lugha ni mboni ya jicho la Taifa. Mboni ikiingia mchanga, Taifa linapepesa. Mshtakiwa wa kwanza anadai alipiga kelele kwa sababu ya hilo analoliita, samahanini kwa lugha, moto. Mshtakiwa wa pili anadai marehemu walichanganya kilio cha hatari na kaulimbiu yetu. Hili, kisayansi, haliwezekani! Binadamu mwenye akili timamu anatofautisha. Sauti ya shangwe ina mwinuko wa nyuzi thelathini. Sauti ya hofu ina mteremko. Nimeandika kitabu. Hakuna mtu hapa, narudia, hakuna hata mmoja, anayeweza kusikia kilio cha hofu akaitikia kwa shangwe. Ndiyo kusema marehemu walisikia kaulimbiu safi, iliyotamkwa kwa dhihaka. Sajenti, una la kusema kabla hujatusomea makala yako iliyosahihishwa?"

Walimpa karatasi. Kila M ya moto ilikuwa imeshakuwa J.

Tunu aliitazama karatasi, akamtazama Siwema, akaujaza hewa mwili wake mzima. Kisha, akiinyoosha mikono kuelekea darini, macho yamemtoka, kwa sauti ile iliyowahi kuwatoa watu ghorofa ya tano, sauti isiyokuwa na shangwe hata chembe, akapiga ukelele:

"Moto! Moto! Moto!"

Ukumbi wote ulisimama. Viti vikasukumwa, kwa mshindo mmoja. Mikono ikapaa. "Uwake!" wakaitikia askari. "Uwake!" wakaitikia waandishi, kalamu zikiwa hewani. "Uwake!" akaitikia Profesa Dabo mwenye shahada nne. Kisha wimbo ukaanza, na wimbo ukishaanza, mnajua.

Tunu hakuimba. Aliangalia saa ya ukutani. Beti nne na viitikio vyake zilichukua dakika nne na sekunde kumi. Katika chumba chenye vitambaa, moshi unahitaji tatu. Wimbo ulipokwisha kila mmoja akabaki ameinua mkono, asijue aushushe kwa utaratibu upi.

"Waheshimiwa," Tunu akasema, "mmeshakufa. Angalieni viti vyenu."

Wakaangalia. Vilikuwa vimenyooka chini ya meza, safu kwa safu.

Safu ya tatu Bi Nyamizi alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa bado juu, kama kitu ambacho mtu mwingine amemwachia amshikie. Aliushusha kwa mkono wa kushoto.

"Na mimi nimeitikia," akasema. Hakusema kwa nguvu, lakini palikuwa kimya. "Nimemwona anaogopa, na bado nimeitikia. Mwanangu hakuwa mjinga." Akaanza kulia kilio ambacho hakulia msibani, na walinzi wakamtoa nje kwa sababu kilikuwa na mteremko.

*

Kamati ilijadili kwa dakika kumi na moja. Ilipongeza ukumbi kwa mwitikio wenye nidhamu ya hali ya juu. Ilimpa Siwema miaka saba. Ilimpa Tunu mitatu, kwa kosa la kutamka kaulimbiu bila kuwa mgeni rasmi, kosa lililoshuhudiwa na watu mia mbili. Profesa Dabo alitangaza toleo la pili la kitabu chake.

Blogu haikufungwa, maana nchi ile iliheshimu uhuru wa maoni. Ilisahihishwa tu. Afisa mmoja aliagizwa atoe M aweke J, naye, kwa kuwa alikuwa mtiifu na hakuambiwa aishie wapi, akabadilisha zote. Mtoto akawa jtoto, mama akawa jaja. Maoni ya mama mfiwa yalisomeka: Jiji ni Nyajizi, jaja yake Sikudhani. Hilo lilivumilika. Lakini mahali fulani pia paliandikwa Jtukufu Kiongozi, na afisa akapelekwa alikopelekwa Tunu.

Gereza la wanawake lilikuwa katikati ya mji, limebanwa na nyumba za kupanga. Tunu na Siwema waliwekwa chumba kimoja. Mikono ya Siwema ilipona vibaya, vidole vitatu havikukunjuka tena, na Tunu ndiye aliyemsuka nywele. Hawakuzungumza sana. Siku moja Siwema alimwuliza kama angejua mwisho ni huu angebadilisha ile herufi. Tunu akasema hapana, kisha akasema asimwulize siku za mvua.

Kuhusu Bi Nyamizi hawakusikia chochote. Hawakujua kwamba aliacha kuuza vitumbua kwenye kituo cha mabasi, akawa anavitembeza mlango kwa mlango, na kwamba kila mlango alikaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuuza kitumbua.

Mwezi wa tano wa kifungo chao, mchana, wakati wa chakula, Tunu alisikia anaitwa.

"Tunu!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nje ya ukuta. Akaacha bakuli. Hakuwahi kupata mgeni. "Tunu! Tunu!" Sauti ya pili ikaingia, ya mwanamume, kisha ya tatu, kutoka upande wa nyumba za kupanga. Mlinzi akatikisa kichwa. "Wewe, una jamaa wengi hivi?"

"Nani ananiita?" Tunu akauliza. Moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha ya kijinga. "Siwema, wewe uko dirishani. Ni nani?"

Siwema akasogeza uso kwenye nondo. Na hapo ndipo pua ya Tunu, pua ya miaka ishirini, ilipomletea habari. Waya. Mpira wa waya, halafu mbao. Tunu akasimama wima.

"Wanatoka," Siwema akasema taratibu, vidole vyake vibovu vimeng'ang'ania nondo. "Dada, wanatoka wote. Wamebeba watoto. Hakuna aliyesimama."

"Tunu! Tunu!" mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele sasa, mlango kwa mlango, na Tunu akaelewa kwamba hawamwiti yeye, wanautaja ule unaounguza. Akakaa chini sakafuni, akatega sikio kwa kile alichokiogopa, kile kiitikio, ule wimbo.

Hakuna aliyeitikia. Ilisikika miguu tu, mingi, ikikimbia.